Kutazama mchoro wa pande tatu ndani ya AutoCAD LT: mwongozo kwa wachora ramani wa Kigoma

Faili linakuja kwa WhatsApp au kwenye fleshi. Msanifu yuko Dar es Salaam, nyumba ameichora yote kwa pande tatu, na anayetakiwa kuifanyia kazi Mwanga au Ujiji ana AutoCAD LT tu, toleo dogo la programu ya kuchorea ya AutoCAD. Anaifungua, anaona mistari imelaliana kama fito za uzio ulioanguka, anahitimisha kwamba programu yake haisomi mchoro wa pande tatu. Inausoma. Tangu LT ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1993, kazi yake kuu ni mchoro bapa: haikupi zana za kuunda solidi, yaani maumbo kamili ya pande tatu, wala kupaka mwanga na vivuli. Lakini kimo cha kila nukta, yaani Z, kimo ndani ya faili. Unaona fujo kwa sababu jicho lako limesimama juu kabisa ya paa na linatazama chini wima. Kinachotakiwa ni kulihamisha hilo jicho, na kila wakati kujua liko wapi.

Amri zote hapa zinaandikwa kwenye mstari wa amri kisha Enter. Vitufe na menyu hubadilika toleo hadi toleo, ila amri hizi ni za zamani na zimebaki vilevile.

Jaribu kwanza na chumba chako mwenyewe

Usianze na faili la mteja. Fungua mchoro mpya, chukulia kipimo ni milimita, utengeneze chumba kimoja na tenki la maji pembeni yake. Hiki ni kimo cha kuigiza tu, lakini kinatosha kufundisha jicho.

Andika RECTANG. Kabla ya kutaja kona, andika W, toa upana 150. Kisha T, toa 2700. Kona ya kwanza 0,0 na ya pili 3600,3000. Umepata kuta za unene wa milimita 150 na kimo cha mita 2.7. Sasa CIRCLE, kitovu 5000,1500,3000, nusu kipenyo 600. Namba ya tatu kwenye kitovu ndiyo Z: duara linaelea mita 3 juu ya ardhi, mahali ambapo simtanki lingekaa kwenye mnara. Andika CHPROP, chagua duara, T, kisha 1400. Tenki limepata kimo.

Kwenye skrini hakuna kilichobadilika, bado ni mstatili na duara. Andika VPOINT, halafu -1,-1,1. Chumba kimesimama na tenki limepaa. Andika HIDE, mistari ya nyuma inapotea. Andika REGEN, inarudi. Andika PLAN kisha W, umerudi juu ya paa ulikoanzia.

Angalia kitu kimoja ukiwa bado kwenye HIDE: tenki lina kifuniko, ilhali chumba kiko wazi juu na unaona ndani. Duara lenye kimo programu hulihesabu kama pipa lililozibwa juu na chini. Mstari wenye kimo ni kama karatasi iliyosimamishwa, unaficha kilicho nyuma yake lakini haufuniki kitu. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali ya "mbona huku kumejificha na huku hakukujificha" yamekwisha.

Na kabla hujaendelea, rudisha W na T za RECTANG ziwe 0. Amri hiyo huzikumbuka, na mstatili wako unaofuata, hata uwe fremu ya jina la mchoro, utasimama mita 2.7 bila wewe kujua.

Kuchagua upande wa kusimama

VPOINT inauliza nukta moja tu: jicho liko upande gani ukilitazama kutoka kitovu 0,0,0. Umbali hauhesabiki, mwelekeo tu. -1,-1,1 na -500,-500,500 zinatoa picha ileile. X ikiwa mashariki na Y kaskazini, kama ramani za upimaji zinavyokuwa, basi -1,-1,1 ni kutazama kutoka kusini magharibi, 1,-1,1 kusini mashariki, 1,1,1 kaskazini mashariki na -1,1,1 kaskazini magharibi. Kwa nyumba iliyoko Kigoma mjini ziwa liko magharibi, kwa hiyo zile mbili zenye -1 mwanzoni ndizo zinazokuonyesha nyumba kama mtu aliyeko upande wa ziwa atakavyoiona. Ila hakikisha kwanza mshale wa kaskazini kwenye mchoro. Wasanifu wengi huinyoosha nyumba ikae sawa na karatasi, na hapo "kusini" ya programu ni upande wa mlango wa mbele tu, si kusini ya kweli.

Kwa kutazama uso kwa uso: 0,-1,0 ni mbele, 0,1,0 nyuma, 1,0,0 kulia, -1,0,0 kushoto, 0,0,1 juu. Hata 0,0,-1 inafaa, unatazama kutoka chini ya msingi, na kwa kukagua mabomba ya choo yaliyochorwa chini ya sakafu hakuna njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Zile pembe nne za kawaida zina kasoro moja kwa nyumba za chini: zinatazama kutoka digrii 35.3 juu ya ardhi, hivyo paa linakula picha na kuta zinabaki ukanda mwembamba. Tumia VPOINT, R, ambapo unataja pembe mbili: ya kwanza kuzunguka kutoka X, ya pili kupanda kutoka ardhini. 240 na 20 huonyesha mbele na kidogo cha ubavu wa kushoto, madirisha yakionekana vizuri. Ukipenda kubofya badala ya kuandika, DDVPOINT inafungua kisanduku chenye piga mbili za kazi hiyohiyo.

Kila VPOINT hukuza mchoro wote ujae skrini. Ukitaka kurudi ulikokuwa, ZOOM kisha P hurudisha picha iliyotangulia, hadi hatua kumi nyuma. Picha utakayoihitaji tena ipe jina: -VIEW, S, halafu jina kama MAGHARIBI. Kuirudisha ni -VIEW, R, na jina hilo. Faili likihifadhiwa majina yanabaki humo, na unayemtumia atayakuta.

Amri ikikataa na kusema hairuhusiwi, tazama chini ya skrini. Huenda umesimama kwenye karatasi ya kuchapia. Bofya mara mbili ndani ya dirisha la mchoro kwenye karatasi hiyo, au rudi kwenye Model.

Mtego wa Front

Kwenye menyu kuna Front, Left, Right na nyinginezo, na zinavutia kwa kuwa ni mbofyo mmoja. Tatizo ni kwamba mpangilio unaoitwa UCSORTHO ukiwa 1, ukibofya Front programu haihamishi jicho peke yake, inageuza na mihimili yako ya kuchorea, yaani X, Y na Z. Ardhi yako inakuwa ukuta wa mbele. Ukirudi kutazama kutoka pembeni na kuanza kuchora, mistari inasimama wima wakati wewe unadhani inalala sakafuni. Wengi huligundua hili siku ya pili, michoro kumi imeshaharibika.

Andika UCSORTHO, toa 0. Au fanya kama tunavyoshauri hapa: tumia VPOINT, ambayo haigusi mihimili kamwe. Ukishuku kwamba tayari imegeuka, andika UCS, W, kisha PLAN, W. Hizo mbili kwa pamoja zinakurudisha nyumbani popote ulipopotelea.

HIDE na vinavyoisumbua

HIDE ni picha ya kutazama. Ukitoa REGEN au ukibadili upande, inaondoka, na mchoro wenyewe haujaguswa.

Kosa linalojirudia ni leya, yaani tabaka za mchoro. Mtu anataka kuona vyumba, anazima leya ya paa kwa kubofya taa, anatoa HIDE, na vyumba havionekani: pametokea tundu tupu mahali pa paa. Leya iliyozimwa haichorwi, ila HIDE bado inaihesabu kuwa ipo na inaficha kilicho chini yake. Dawa ni kuigandisha, ile alama ya theluji badala ya taa. Leya iliyogandishwa haihesabiki kabisa. Gandisha pia miti, samani na magari kabla ya kutoa HIDE kwenye faili zito, maana kila jani la mti ni uso wa kukokotolewa na kompyuta mpakato ya kawaida itasimama. Hifadhi faili kwanza. Umeme ukikatika katikati ya hesabu hiyo hutakuwa umepoteza kitu.

Maandishi yakitokeza juu ya kuta ambazo zilipaswa kuyaficha, weka HIDETEXT iwe ON.

Solidi zenye duara, kama nguzo za baraza au tenki, zikija na vimistari vingi vya pembetatu baada ya HIDE, mpangilio uko ndani ya faili lenyewe. Mwombe aliyekutumia aweke DISPSILH kuwa 1 na FACETRES kuwa 2 au zaidi kabla ya kuhifadhi. Vyote viwili husafiri na faili. Asipandishe FACETRES hadi 10 bila sababu, faili litakuwa zito kwako.

Kimo cha ziwa

Hapa ndipo kazi za Kigoma zinapokwama kuliko zote.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Mpima ardhi akikuletea kontua za kiwanja, yaani mistari ya kimo cha ardhi, zenye vimo vya kweli, ziko kwenye Z ya 790 au 820. Msanifu ameichora nyumba sakafu ikiwa Z sifuri. Ukivitazama kutoka juu vinapangana vizuri kabisa. Ukitoa VPOINT -1,-1,1 unaona vumbi mbili, moja juu ya skrini na nyingine chini: kontua zinaelea karibu mita 800 juu ya paa. Mtu wa Tabora, ambako ardhi iko kwenye kama mita 1,200, atakuta pengo kubwa zaidi.

Andika ID, ushike kona ya sakafu, usome Z. Fanya hivyo kwenye kontua iliyo karibu. Kama faili la nyumba ni milimita na la kiwanja ni mita, punguza nyumba kwanza kwa SCALE ya 0.001. Kisha MOVE, chagua nyumba yote, D, halafu 0,0 na kimo cha sakafu kilichokubaliwa, mfano 0,0,798.450. Kimo hicho kitoke kwa msanifu na mpima, usikikadirie kwa macho. Na fanya yote haya kwenye nakala.

Kuna pengo jingine la mlalo. Kanda za UTM, gridi ya ramani wanayotumia wapima, zinabadilika kwenye longitudo ya digrii 30 mashariki, na mstari huo unaukata mkoa: Kigoma mjini na Ujiji ziko kanda ya 35 kusini, Kasulu na Uvinza ziko kanda ya 36. Nukta ya Kigoma mjini ina X ya karibu 791,000 ukiihesabu kwa kanda ya 35, na karibu 127,000 ukiihesabu kwa kanda ya 36, wakati Y inabaki karibu 9,460,000 kwa zote. Kwa hiyo mafaili mawili ya mtaa mmoja, kila moja likiwa sahihi kwa kanda yake, yanaweza kuachana kilomita zaidi ya 600 kwenye skrini. VPOINT, kwa kuwa inakuza mchoro wote ujae, itakuonyesha nukta mbili na utupu. Hilo halitibiwi kwa MOVE, kwa sababu gridi za kanda mbili zimepinda tofauti. Mrudishie mpima abadili kanda kwa programu yake.

Hata kanda ikiwa moja, namba kubwa namna hiyo zinaweza kuifanya HIDE itetemeke, kingo zikatokea zimekatika. Kwa kutazama tu, nakili nyumba peke yake kwenye faili jipya karibu na 0,0.

Kupima bila kudanganyika

Ukiwa umetazama kwa pembe, kishale kikiwa juu ya ukingo wa paa hakiko juu ya paa. Usiposhika nukta kwa OSNAP, zana ya kunasa ncha na nukta za mchoro, programu inachukua nukta iliyo kwenye ardhi ya mihimili yako, nyuma ya paa, na kukupa urefu usio na maana. Washa Endpoint na Midpoint, zima Nearest, na usikubali kipimo chochote bila alama ya kushika kutokea.

Ukishika vizuri, DIST ni zana nzuri ya kukagua kenchi. Shika mwisho wa boriti ya mteremko kwenye ukuta, kisha kileleni, na soma mistari yote inayotokea. Chukua paa ambalo nusu upana wake ni 4500 na kupanda ni 1638: Delta Z itakuwa 1638, Angle from XY Plane itakuwa 20, na Distance itakuwa kama 4789. Hiyo ya mwisho ndiyo urefu wa bati kabla ya kuongeza la kuning'inia. Anayekata bati kwa ile 4500 ya kwenye plani anapungukiwa sentimita 29 kila upande.

Tahadhari pia na mistari inayoonekana kukutana. Vipande viwili vya kenchi vinaweza kuvukana kwenye skrini huku kimoja kiko sentimita 20 juu ya kingine. DIST kati ya ncha zake ikionyesha Delta Z isiyo sifuri, havigusani.

Kusimama mlangoni, na kukata nyumba

VPOINT haina upeo: ukuta wa mbali una kimo sawa na wa karibu. Kwa picha ya mteja inayofanana na anachoona mtu, tumia DVIEW. Chagua vitu vichache au gonga Enter tu, andika PO, toa nukta unayoitazama, mfano 1800,1500,1500, kisha nukta ya jicho, mfano -6000,-8000,1600. Hiyo 1600 ni kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Halafu D na Enter kukubali umbali, na upeo unawaka. Z hubadili lenzi: huanza na 50, na 35 huchukua upana zaidi.

Ndani ya DVIEW kuna CL, na kwangu hii ndiyo hazina iliyosahaulika ya programu nzima. Chagua F na utoe 0: kila kilicho kati ya jicho na nukta unayoitazama kinakatwa. Sogeza nukta hiyo iwe katikati ya ngazi na una picha ya ngazi ilivyo ndani ya nyumba bila kuvunja mstari mmoja. Namba chanya huleta kisu karibu na jicho, namba hasi hukipeleka ndani zaidi.

Ukisahau kukifunga, utafungua faili kesho na kudhani nusu ya nyumba imefutika. PLAN huzima upeo na kisu kwa pamoja, kwa hiyo ndiyo ya kukimbilia kwanza.

Kuchapa

Kwenye karatasi, chagua fremu ya dirisha la picha, fungua Properties, na kwenye Shade plot weka Hidden. Wengi huweka alama kwenye Hide paperspace objects wakati wa kuchapa na kushangaa mistari ya nyuma imetoka yote. Alama ile inahusu vilivyochorwa kwenye karatasi, haiingii ndani ya dirisha.

Kisha andika wazi kando ya picha ya pembe: SI KWA SKELI. Hili si pambo. Kwenye picha ya pembe za kawaida kila urefu unaofuata mihimili hupungua hadi 0.816. Ukuta wa mita 10 kwa 1:100 unatoka milimita 82 badala ya 100, na fundi mwenye rula ya skeli atausoma mita 8.2. Plani, mbele na ubavu ndizo zinazopimika, na kwa hizo mwambie mwenye steshenari achape PDF kwa asilimia 100, asiruhusu mashine kuibana ienee ukurasa.

Faili lisipofunguka au likija tupu

Kama LT yako ni ya zamani, fungua faili kwa Notepad utazame herufi sita za mwanzo. AC1032 ni muundo wa 2018, AC1027 wa 2013, AC1024 wa 2010, AC1021 wa 2007. LT 2017 na za kabla yake hazisomi AC1032. Mtumaji ahifadhi upya kwa muundo wa chini, au wewe ubadilishe kwa DWG TrueView, ya bure kutoka Autodesk kwa Windows. TrueView pia ina mzunguko wa kuburuta kwa kipanya, ambao LT haina, kwa hiyo ni vizuri kuwa nayo pembeni kwa kumwonyesha mteja.

Faili likifunguka lakini kuta na milango haipo, huenda limetoka AutoCAD Architecture, toleo la wasanifu majengo, na vitu vyake ni vya aina ambayo LT haivifahamu. Hakikisha PROXYSHOW ni 1. Bado tupu? Mtumaji alihifadhi bila picha za vitu hivyo. Mwombe atumie -EXPORTTOAUTOCAD kwake, akutumie faili linalotoka humo.